Stopa za Mninga

Jumatatu, 9 Juni 2025

Gari limeinuka. Springi ndefu, shokapu ndefu, matairi makubwa mapya. Nimelitoa hadi nje ya geti ili kila anayepita aone kazi. Landrova ya miaka thelathini, na leo inawatazama watu kwa juu. Levina, mke wangu, alitoka na ungo mkononi, akaliangalia, akauliza yeye atapandaje. Nikamwambia atazoea. Akasema mwaka huu amekwisha kuzoea mengi.

Sababu ya kuliinua ni mama Recheli Ngollo. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki wa Sikonge. Wanatafuta gari la kubeba asali kutoka kambi zao za porini hadi ghala lao mjini Sikonge, msimu huu na misimu inayokuja. Tumejitokeza wawili. Mimi na Masolwa. Jaribio ni Jumamosi ya tarehe 21.

Masolwa nilisoma naye darasa moja. Alikuwa ananakili hesabu zangu, na mpaka leo sielewi ilikuwaje yeye akafaulu. Ana pikapu nyeupe anayoiosha kila jioni. Mwanamume anayeosha gari kila jioni ana jambo analificha.

Mimi niliacha udereva wa ofisi mwezi wa tatu, baada ya bosi aliyezaliwa juzi kuniambia naendesha kwa hasira. Nikamwonyesha hasira ilivyo. Kwa hiyo sasa gari hili ndilo shamba langu na ndilo zizi langu. Likishindwa, nitarudi kwa yule mtoto kuomba kazi. Afadhali nichunge mbuzi.

Jioni alikuja fundi Ezekia. Alizunguka gari mara mbili bila kusifu, akatandika gunia, akalala chini yake. Alipotoka alianza habari za stopa. Stopa ni zile raba nne nene zilizofungwa chini ya chesisi, moja kwa kila gurudumu. Gari likidumbukia shimoni, ekseli inapanda, inakutana na raba badala ya kugonga chuma. Sasa Ezekia anadai kwamba ukiinua gari, stopa nazo lazima zishuke. Anaweka kipande cha chuma juu ya kila raba ili ekseli isimame mapema. Bila hivyo, eti, shokapu itafika mwisho kabla ya raba kufanya kazi, na tairi kubwa litakula madigadi. Anataka siku mbili. Atoe springi, apandishe ekseli kwa jeki, apime kila gurudumu kwa futi. Siku mbili za kupima raba.

Nilimwambia, fundi, mimi nimeinua gari ili magurudumu yapate nafasi, na wewe unataka kuja kuipunguza nafasi hiyo.

Akasema, "Vedasto, sipunguzi kitu. Niruhusu nipime tu."

Upole wake ndio unaonichoma.

Jumanne, 10 Juni 2025

Levina alikwenda sokoni saa mbili. Saa mbili na nusu nilikuwa chini ya gari na grainda ya jirani. Saa nne stopa zote nne zilikuwa kwenye karai. Cheche zimenichoma shingo na kutoboa shati. Si kitu. Sasa ekseli ziko huru. Nikilisukuma gari kwa bega linanesa kama tawi.

Jioni Ezekia alipita na baiskeli. Akaliona karai. Akashuka, akauliza kama anaweza kuzichukua hizo raba azitunze. Nikamwambia achukue hata karai. Alizifunga kwenye keria kwa mpira, taratibu, kama anayebeba mayai, akaniaga kwa heshima zote. Nilikasirika hadi nikamaliza ugali wa watu watatu.

Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa Tabora, Unyanyembe ya zamani, hadi pwani, miezi mitatu, kwa bega. Hakuna aliyelipima bega lake kwa futi.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Nimelijaribu gari, njia ya vumbi ya kwenda Kwihara. Mashimo madogo yalipita bila habari. Nilicheka peke yangu. Kisha likaja shimo la karavati. Mwendo wangu ulikuwa wa kawaida kwa mtu mwenye gari lililoinuliwa. Mlio ule sijawahi kuusikia garini. Niliwahi kuusikia mara moja tu, stesheni, behewa lilipogonga behewa.

Tairi jipya la mbele kushoto lilipanda hadi likang'ata madigadi, na madigadi nayo ikalichana ubavu. Shokapu mbili zinavuja mafuta, moja imepinda kama ndizi. Ulimi nimejiuma mwenyewe. Mwendesha bodaboda alisimama akaniuliza, kwa huruma kabisa, kama gari limeanguka kutoka juu ya treni.

Mwenye makosa ni aliyejenga karavati lile. Nimelirudia kwa miguu nikalikagua. Limekaa vibaya.

Levina ananiuliza kwa nini nakula uji tu. Nimemwambia tumbo.

Jumapili, 15 Juni 2025

Baada ya misa Masolwa alinifuata hadi kwenye baiskeli yangu. Ndiyo, nimekwenda kanisani kwa baiskeli. Alinisalimia vizuri, akamuulizia mwanangu Raymundi aliye shule Nzega, akalitaja jina lake bila kukosea. Kisha akasema pikapu yake ilikuwa kwa Ezekia siku mbili, juu ya magogo, ikipimwa stopa. Akasema sasa inakwenda vizuri sana. Nami nimpe Ezekia gari langu anipimie.

Halafu akaongeza, "Asali ya akina mama ni nyingi, ndugu yangu. Hata jaribio likiisha, tunaweza kuwaomba tugawane kazi."

Tugawane. Mtu hakuambii mgawane isipokuwa anajua atashinda, na anataka kukuonea huruma kabla ya wakati. Nilimjibu kwamba mimi simbebi mtu. Akasema hakuomba kubebwa. Tukaachana hapo. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namjibu upya, na kila jibu lilikuwa bora kuliko la kwanza.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimelala nikiwaza, nimeamka nimepata.

Gari linahitaji kitu pale stopa zilipokuwa. Hilo nimeligundua mwenyewe, bila Ezekia. Lakini kosa la stopa ni raba. Raba inabonyea. Kitu kinachobonyea kinazuiaje? Panahitajika kitu kigumu, kisichooza, kisicholiwa na mchwa. Yaani mninga.

Mninga mkavu uliochongwa vizuri uko chumba cha wageni. Ni kitanda alichotuzawadia mama mkwe siku ya harusi yetu. Kina miguu minne. Gari linataka stopa nne. Mtu asiyeona mkono wa Mungu hapo ni kipofu.

Kitanda nimekiweka juu ya matofali. Kimetulia kabisa, labda kuliko mwanzo. Miguu nimeikata kila mmoja kipande cha urefu wa kiganja na vidole, kwa jicho, bila futi. Nimeitoboa, nimeifunga kwa bolti kwenye chesisi. Levina aliuliza kuhusu matofali. Nikamwambia miguu imeonekana na dalili za mchwa, nimeipeleka kutiwa dawa. Alinitazama. Alisema miaka yote ile mchwa hawakukiona kitanda, wamekiona wiki ya jaribio.

Nimekasirishwa sana na kutoaminiwa ndani ya nyumba yangu.

Jumatano, 18 Juni 2025

Nimelijaribu tena kwenye karavati lile lile. Hakuna mlio wa chuma. Tairi halikugusa madigadi. Shokapu za mtumba nilizoweka hazikuvuja tone. Gari sasa ni gumu, imara. Kokoto ikikanyagwa, dereva anapata habari zake zote hadi kwenye meno. Hiyo ndiyo inaitwa kulijua gari.

Kati ya mti na ekseli imebaki nafasi ya kupitisha kidole kimoja. Kwa gari tupu inatosha. Likibeba mzigo sijui, ila mzigo hauwezi kulaza gari lililoinuliwa, maana limeinuliwa.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Mama mkwe, mama Martha, amekuja. Hakuna aliyeniambia. Ameshuka na basi la Ulyankulu saa nane, na kapu la mahindi mabichi na kuku mmoja. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akauliza habari za kazi, akaenda moja kwa moja kuweka mzigo chumba cha wageni.

Nilibaki sebuleni nikisikiliza. Kisha sauti ya mtu anayekaa kitandani, taratibu.

Alitoka, akamwambia Levina chumba ni kizuri. Akamuuliza tu kama matofali yamekuwa mtindo huku mjini. Levina akasema miguu imepelekwa kutiwa dawa. Mama Martha akaitikia kwa kichwa. Akasema vizuri, itunzwe, kwa sababu baba Levina alikuwa ameichonga kwa miezi miwili, akiwa tayari anaumwa. Ua la tumbaku kwenye kila mguu. Ndicho kitu cha mwisho alichotengeneza.

Mimi sikujua hivyo. Miaka kumi na tisa kitanda kiko nyumbani kwangu na hakuna aliyeniambia kwamba ni kitu cha mwisho. Watu wanakaa na habari muhimu kama hizi kisha wanamlaumu mtu asiyejua. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari. Nilitaka kuifungua miguu. Lakini jaribio ni kesho, na miguu imekwisha kukatwa. Kufungua kusingeirefusha.

Jumapili, 22 Juni 2025

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba. Jicho moja limefunga. Niandike yote sasa, kwa mpangilio, kabla watu hawajaanza kusimulia uongo.

Jana saa moja asubuhi tulikuwa kambini, mimi na Masolwa. Kila mmoja alipewa ndoo kumi na mbili za asali, zile za lita ishirini, zilizofungwa vizuri. Kwangu alipanda mama Recheli mbele. Nyuma akakaa Advera, mwanakikundi, azishike ndoo. Mama Recheli ni mtu wa maneno machache. Aliinama akachungulia chini ya gari, akauliza ile miti ni ya nini. Nikamwambia ni stopa za kisasa. Akasema zina maua. Nikasema ndiyo.

Masolwa akachukua barabara pana. Mimi nikachukua njia ya zamani ya misafara, inayokata msitu na kupunguza karibu nusu ya safari. Wapagazi hawakuwa wajinga. Kama wangetaka kuzunguka wangezunguka.

Tatizo la kwanza nililiona dakika ile ile. Kwa uzito ule gari lilikuwa limelala juu ya miti yote minne. Springi hazikuwa na kazi. Kila mzizi, kila jiwe, liliingia moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Mama Recheli alishika dashibodi kwa mikono miwili. Advera akaita kutoka nyuma kwamba ndoo zinaruka. Nilimwambia azikalie. Akasema ziko kumi na mbili na yeye ni mmoja.

Mama Recheli akasema, "Vedasto, punguza."

Ningepunguza. Lakini kwenye uwazi wa miti nililiona vumbi la Masolwa upande wa pili, na lilikuwa mbele yangu. Nikaongeza.

Mfuniko wa kwanza ulipasuka, kisha wa pili. Nilisikia Advera akisema asali imefika kwenye viatu vyake. Ilikuwa inapita sakafuni, inadondoka barabarani nyuma yetu, kilometa nzima. Katika msitu wa Sikonge, mwezi wa sita. Nyuki walitufikia kabla hatujafika korongoni.

Korongo lilikuwa kavu, na kingo zake si ndefu. Gurudumu la mbele kushoto liliposhuka, mti wa upande ule ukapasuka katikati. Kibanzi chake kikachana paipu ya breki. Haya ni maelezo ya Ezekia, aliyekuja kulichungulia leo asubuhi, mimi nilichojua ni kwamba pedali ilikwenda hadi chini kama imekanyaga maji. Tulipanda ukingo wa pili bila breki, tukaingia porini, tukasimamishwa na kichuguu. Kichuguu kikubwa. Nakishukuru, hicho peke yake.

Mama Recheli alikuwa ametegua kifundo cha mkono. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, "Msipunge mikono. Shukeni polepole. Tembeeni." Yeye na Advera walijifunika khanga, wakatoka, wakatembea kama watu wanaotoka ibadani. Mimi nilipunga mikono. Nilikimbia pia. Nimehesabu sehemu thelathini na moja nilizoumwa, bila kichwa.

Nyuki walipohamia kwenye asali, tulikaa mbali chini ya jua tukawasikiliza. Ndoo tatu tu zilibaki nzima. Advera alikaa juu ya jiwe. Ndoo yake ilikuwa na alama ya kitambaa chekundu, nami niliiona ikiwa imelala wazi. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba alirina asali ile usiku kwa siku tatu, akiwa na homa, kwa sababu hakutaka mizinga yake ihesabiwe kuwa ya uvivu. Niliona aibu, naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Kisha Masolwa akaja.

Alikuwa amekwisha kufika ghalani, ameshusha ndoo zote kumi na mbili, amengoja, akaona tunachelewa, akarudi kwa njia yetu. Alimfunga mama Recheli mkono kwa leso yake safi. Alinipa maji. Hakusema hata neno moja juu ya gari. Alifunga mnyororo akanivuta, polepole, hadi Sikonge, kisha lami yote hadi Tabora. Alikuwa ananitazama kwenye kioo chake kuona kama nipo sawa. Njia nzima. Hakuna mtu aliyewahi kunitendea ukatili kama ule.

Nyumbani Levina na mama yake walikuwa getini. Gari lilikuwa limeegemea upande, na kile kipande cha mninga kilichobaki kilikuwa kinaning'inia kwenye bolti moja. Mama Martha aliinama. Alikishika. Alipitisha kidole juu ya ua.

"Mwanangu," alisema, "mguu wa kitanda changu unafanya nini hapa?"

Levina aliingia ndani.

Jumatano, 25 Juni 2025

Siku nne sijasemeshwa na mke wangu. Chakula kinafika mezani, kina chumvi ya kutosha, na hakuna neno. Mama Martha ndiye anayezungumza nami, na hilo ni baya zaidi. Ananiuliza kama uvimbe umepungua. Ananipaka kitunguu. Usiku analala juu ya matofali yale yale na halalamiki. Nilimwambia nitampa kitanda chetu. Akasema hapana, amezoea. Laiti angepiga kelele. Mtu akipiga kelele unaweza kumjibu.

Ezekia alirudi leo. Alifungua vile vipande vitatu vilivyobaki na kile kilichopasuka, akavifuta mafuta, akampa mama Martha. Alisema anamfahamu seremala atakayeviunga kwa mti mpya, maua yabaki. Mama Martha alivipokea kwa mikono miwili. Levina alilia, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mimi nilisimama pale na spana mkononi, sijui nifungue nini.

Saa kumi akaja mama Recheli mwenyewe, amefungwa mkono, amepakizwa na Masolwa. Nilijua amekuja kunitukana. Nilikuwa nimejiandaa. Hakunitukana. Alikaa, alikunywa chai, alizungumza na mama Martha kwa muda mrefu kuhusu mvua na mahindi. Kisha alinigeukia.

Alisema asali imekwenda na hairudi. Alisema kikundi kimekaa, na wengi hawataki kuliona gari langu tena. Lakini kambi ni nyingi, na pikapu moja haitoshi. Masolwa ameomba nipewe nafasi nyingine. Advera pia amekubali, na yeye ndiye aliyepoteza zaidi.

"Safari moja," alisema. "Jumatatu tarehe thelathini. Gari liwe limepimwa na Ezekia. Si na wewe. Na Ezekia."

Nilikubali. Ningefanyaje, walikuwa wote wananitazama. Lakini naandika hapa kwamba kuombewa na Masolwa nimekuhisi kuliko nyuki wote thelathini na mmoja.

Jumamosi, 28 Juni 2025

Ezekia amemaliza. Siku mbili kamili. Alitoa springi, akapandisha ekseli kwa jeki, akapima, akaandika kwa chaki kwenye matairi, akapima tena. Mbele aliweka chuma cha inchi mbili juu ya kila stopa, nyuma kidogo zaidi. Raba mpya chini yake. Zile nilizokata alizileta, akanionyesha kwa nini hazifungiki tena. Shokapu mpya. Paipu ya breki mpya. Alinifanya nilale chini naye nione vidole viwili vya nafasi vinavyobaki kwenye shokapu raba inapokuwa imeminywa kabisa. Niliona. Niliitikia kwa kichwa mara nyingi ili anyamaze.

Jioni tulikwenda karavatini, yeye kando yangu, Levina na mama yake nyuma. Nililipiga shimo kwa mwendo ule ule. Gari lilishuka, likasema *duf*, likapanda. Basi. Mama Martha hata hakuacha kumenya chungwa lake. Nililirudia mara tatu. Duf. Duf. Duf.

Levina aliniwekea mkono begani. Mkono ulikaa hapo hadi nyumbani. Kitanda nacho kimerudi kutoka kwa seremala, kimesimama kwa miguu yake, na huwezi kuona kiungo usipotafuta. Nimelala mapema. Kwa mara ya kwanza mwezi huu sina mtu wa kumkasirikia.

Jumapili, 29 Juni 2025

Sijalala vizuri. Ni ile *duf*.

Nimeifikiria tangu alfajiri. Gari linashuka vizuri, laini, halafu linasimamishwa. Na nani? Na raba ya Ezekia. Kama limefika hapo kwa ulaini ule, bila shaka lingeweza kwenda mbele zaidi, na hapo ndipo ulaini wenyewe ulipo. Hizo sifa zote anazopewa Ezekia ni za shokapu mpya. Raba zimekaa tu pale kulizuia gari langu na kujipatia heshima. Masolwa ana raba zile zile, kipimo kile kile. Kesho tutafika kwa akina mama tukiwa sawa, na watu wakiwa sawa, aliyeombewa anaonekana ndiye aliyebebwa. Siwezi kukubali hilo.

Sitakata yote. Mimi si mjinga, nimeona matokeo ya kukata yote. Nitapunguza kidogo, unene wa kidole, kidole na nusu. Hakuna atakayejua. Ezekia yuko ibadani kwa Wamoravian, na wale huimba hadi saa sita. Levina na mama yake wameenda misa ya pili. Nimewaambia mkono bado unaniuma.

Nimechukua kisu cha mkate jikoni, kile chenye meno. Nimeanza na ya mbele kushoto. Raba mpya inakatika vizuri sana, kama mkate.